Kuuza Picha kwenye Benki za Picha: Anza na Mnunuzi, Kamera Ifuate

Anayetaka kuingia katika biashara hii kwa kawaida huuliza kwanza, "Ninunue kamera gani?" Swali lina maana, ila limewahi mno. Mnunuzi wa picha hajali ilipigwa na kamera ya aina gani. Anaandika maneno mawili matatu kwenye kisanduku cha kutafutia, anapitisha macho haraka kwenye picha zinazomjia, anachukua ile inayomaliza shida yake, basi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na huyo mnunuzi, na kamera inakuja baadaye, pale tutakapokuwa tunajua inatakiwa kufanya kazi gani.

Benki ya picha ni soko la mtandaoni. Wewe unapakia picha, mteja anapakua, mwenye soko anakata fungu lake na kukupa wewe mirabaha. Getty Images ilianzishwa mwaka 1995 ikihudumia magazeti na mashirika makubwa ya matangazo. iStock ilianza mwaka 2000 kama mahali pa wabunifu kubadilishana picha bure, ikageuka biashara, na Getty wakainunua mwaka 2006 kwa dola milioni 50. Shutterstock ilianzishwa mwaka 2003 na Jon Oringer, aliyejaza rafu za mwanzo kwa picha zipatazo 30,000 alizopiga mwenyewe. Adobe waliingia kwa kuinunua Fotolia, na leo soko lao linaitwa Adobe Stock. Haya ndiyo majina utakayokutana nayo mara kwa mara, pamoja na Alamy, Dreamstime na Depositphotos.

Hatua ya 1: Mjue anayenunua

Mteja wako ni mhariri wa tovuti anayehitaji picha ya makala kabla ya saa sita. Ni mbunifu wa tangazo, mwandaaji wa kitabu cha kiada, mtu anayetengeneza programu ya simu, ofisi inayoandaa ripoti ya mwaka. Wote wana maneno tayari, wanatafuta picha ya kuyabeba. Ndiyo maana picha nzuri ya ukutani inaweza kukaa miaka bila kuuzwa, huku picha isiyo na mbwembwe ya mkono ukitia saini karatasi ikiuzwa kila wiki.

Kabla ya kupiga chochote, fungua benki mbili za picha na ujifanye mnunuzi. Tafuta jambo unaloweza kupiga. Ukipata picha laki kadhaa za machweo ya jua, jua kwamba ya kwako itazama humo. Lakini tafuta shughuli mahususi, kwa mfano mtu mzee akijifunza kutumia kompyuta, au fundi mwanamke akipima ukuta, kisha zitazame kwa makini. Je, zinaonekana za kweli? Watu wanatabasamu bila sababu? Vifaa vimeshikwa vibaya? Pengo lako liko hapo hapo.

Hatua ya 2: Elewa unauza nini hasa

Huuzi picha yenyewe, unauza ruhusa ya kuitumia. Hakimiliki inabaki kwako. Leseni iliyoenea zaidi ni ile ya malipo ya mara moja: mteja analipa, kisha anaitumia mara nyingi kwa masharti yaliyoandikwa, na picha hiyo hiyo inaendelea kuuzwa kwa wengine. Ndiyo inayofanya picha moja iweze kukulipa kwa miaka.

Kuna mgawanyiko mwingine unaowachanganya wengi. Picha za kibiashara zinaweza kutumika kwenye matangazo, hivyo hazitakiwi kuwa na nembo ya kampuni, wala mtu anayetambulika ambaye hajatoa ridhaa ya maandishi. Picha za kihabari hutumika kueleza tukio au mahali, na zinaweza kuonyesha umati na mabango ya barabarani. Soko la kibiashara ni pana zaidi, lakini usiidharau picha ya kihabari yenye tarehe, mahali na maelezo sahihi.

Hatua ya 3: Chagua jambo moja na ulimalize

Hapa ndipo fedha zilipo, nami naomba utulie hapa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Chukua jambo dogo: bomba linavuja chini ya sinki. Mpigapicha wa haraka atapiga bomba, aondoke. Wewe liangalie kama hadithi. Kuna tone la maji linaloning'inia kwenye kiungo. Kuna mkono umeshika spana unakaza nati. Kuna ndoo imewekwa chini, imejaa nusu. Kuna mtu amechuchumaa mbele ya kabati, simu sikioni, anamwita fundi. Kuna fundi anafungua sanduku lake la vifaa. Kuna mwenye nyumba ameshika bili ya maji, amekunja uso. Kuna bomba lililopona, kavu, linang'aa. Jambo moja limekupa picha zaidi ya kumi ambazo wateja tofauti watazihitaji: kampuni ya bima, makala ya kubana matumizi, tovuti ya mafundi, somo la utunzaji wa maji.

Sasa piga ule mkono wenye spana vizuri. Weka mwanga utokee upande mmoja ili chuma kionekane umbo lake. Upande wa pili simamisha karatasi ngumu nyeupe irudishe mwanga kidogo kwenye kivuli. Geuza spana ili jina la kiwanda lisionekane, au lifiche kwa kidole. Acha nafasi tupu kushoto kwa ajili ya maandishi ya mteja. Piga ya kulala, kisha ya kusimama, kwa sababu anayetengeneza jalada na anayetengeneza bango la tovuti hawahitaji umbo moja. Halafu sogea karibu upate kucha zenye uchafu wa kazi. Ukucha msafi kupita kiasi kwenye mkono wa fundi humfanya mnunuzi aipite picha, hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Kanuni yangu ya kuchagua jambo ni rahisi: piga unachokijua kwa undani. Muuguzi anajua jinsi glavu zinavyovaliwa. Mwalimu anajua dawati la mwanafunzi linavyokuwa saa nne asubuhi. Ujuzi huo hauuzwi dukani pamoja na lenzi.

Siku hizi pia kuna picha zinazotengenezwa na akili mnemba. Getty Images na Shutterstock hazipokei picha hizo kutoka kwa wachangiaji, ilhali Adobe Stock inazipokea kwa sharti la kuzitaja kuwa ni za aina hiyo. Kwa maoni yangu, picha zilizoumia zaidi ni zile za mandhari tupu na michoro ya dhana kama "mafanikio" au "teknolojia". Mtu halisi anayefanya kazi halisi, mahali panapotambulika, bado ana soko lake.

Hatua ya 4: Sasa kamera

Anza na kiwango cha chini kinachodaiwa. Shutterstock na Adobe Stock zinataka picha isiyopungua megapikseli 4, yaani pikseli milioni 4, zile nukta ndogo zinazounda picha. Karibu kila kamera iliyotengenezwa katika miaka kumi na mitano iliyopita inavuka hapo, na hata simu yenye megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Idadi ya pikseli, basi, isikunyime usingizi. Kinachokwamisha picha ni usafi wa zile pikseli.

Hapo ndipo sensa inapoingia, kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Ya fremu kamili ina milimita 36 kwa 24. Ya APS-C ina takriban 23.5 kwa 15.6, na zile za Canon ni ndogo kidogo. Ya Micro Four Thirds ina 17.3 kwa 13. Ya simu ni ndogo zaidi ya zote hizo. Sensa kubwa hukusanya mwanga mwingi, na mwanga mwingi maana yake chenga kidogo, yaani vidoadoa vichache, kwenye sehemu zenye giza. Mchana kweupe tofauti haionekani sana, lakini ndani ya nyumba jioni inaonekana mara moja.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kamera ya APS-C yenye megapikseli 20 hadi 24, inayobadilishwa lenzi, hata kama imetumika. Megapikseli 24 ni pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukikata nusu ya picha bado unabaki na 12, mara tatu ya kinachodaiwa. Fremu kamili ni nzuri, lakini inaburuta gharama nyingine nyuma yake: lenzi zake ni kubwa, nzito na ghali. Mapato ya mwanzo hayatazirudisha mapema.

Kuhusu kamera za kioo (DSLR, zenye kioo cha ndani kinachopeleka taswira kwenye kitundu cha kuchungulia) na zisizo na kioo: watengenezaji wakubwa wamehamia zisizo na kioo, na lenzi mpya zinatoka huko. Sababu hiyo hiyo imeshusha bei ya kamera za kioo zilizotumika, na picha zake zinakubalika vilevile. Kama bajeti ni finyu, Sony a6000 ya mwaka 2014 au kamera za kioo za Canon na Nikon za miaka hiyo zinakidhi kabisa mahitaji ya benki za picha. Ukinunua iliyotumika, uliza shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga, imefyatuliwa mara ngapi. Kamera nyingi za daraja la kati shata yake imekadiriwa kufikia mara 100,000 hadi 150,000. Kisha piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa limebanwa sana, na uikuze: madoa meusi yasiyohama ni vumbi kwenye sensa. Vumbi husafishwa, lakini mchubuko kwenye sensa au ukungu ndani ya lenzi ni sababu ya kuondoka.

Fedha iliyobaki ipeleke kwenye lenzi. Lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera inatosha kujifunzia, na ukiibana hadi f/8 hutoa picha kali. Nyongeza ya kwanza iwe lenzi isiyovuta, 35mm au 50mm yenye f/1.8. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu kuliko lenzi nyingi, na ina ukali unaoshinda lenzi ya kuanzia kwa mbali. Kwenye APS-C, 35mm inakupa mtazamo unaokaribia wa macho, nayo 50mm inakaa vizuri kwa picha za mtu. Ukipenda vitu vidogo kama wadudu, dawa au vifaa vya umeme, lenzi ya makro itakulipa kuliko lenzi ndefu ya kupigia wanyama.

Baada ya hapo nunua stendi ya miguu mitatu iliyo imara, kadi mbili za kumbukumbu na betri ya akiba. Flashi moja inayoweza kuelekezwa darini inabadilisha chumba kizima. Begi la kifahari lisubiri.

Na mwenye simu tu? Anza na simu. Piga kwenye mwanga mwingi, usivute kwa vidole, zima vichujio vyote, na ukiweza tumia hali inayohifadhi faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalichakata. Utakataliwa zaidi kwa picha za ndani, lakini utajifunza soko kabla hujatoa hata senti moja.

Hatua ya 5: Piga kwa ajili ya jicho la mkaguzi

Kila picha hukaguliwa kabla ya kuingia sokoni, na mkaguzi anaikuza hadi pikseli moja ya picha iwe pikseli moja ya kioo cha kompyuta. Makosa yaliyofichika kwenye kioo kidogo cha kamera hujianika hapo.

Piga faili ghafi ili uwe na nafasi ya kurekebisha. Weka ISO, yaani kipimo cha kamera kuhisi mwanga, chini uwezavyo, 100 hadi 400 ikiwezekana. Lenzi nyingi huwa kali zaidi kati ya f/5.6 na f/8. Fungua zaidi pale tu unapotaka mandhari ya nyuma iyeyuke. Unaposhika kamera mkononi, kasi ya shata isiwe chini ya moja juu ya urefu wa lenzi kwa milimita, yaani 1/50 ya sekunde kwa lenzi ya 50mm, na kwenye APS-C ongeza kidogo: 1/80 ya sekunde au kasi zaidi. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu na kamera, au kwenye kitu ambacho picha inakizungumzia. Fokasi ikiangukia sikio, imekwisha.

Hatua ya 6: Hariri kwa mkono mwepesi

Rekebisha mwanga, rangi nyeupe iwe nyeupe, nyoosha mstari wa upeo, futa vumbi. Tafuta mistari ya zambarau au kijani kwenye kingo za vitu vyeusi vilivyo mbele ya anga jeupe. Programu nyingi huiondoa kwa kubofya mara moja. Kisha pekua nembo: kwenye viatu, vifungo, saa, kompyuta, magari yaliyo nyuma. Usizidishe rangi, kwani mbunifu anataka picha anayoweza kuitia rangi zake mwenyewe. Hifadhi kama JPEG ya ubora wa juu kabisa, kwenye nafasi ya rangi ya sRGB, na usiipunguze ukubwa bila sababu.

Hatua ya 7: Ridhaa na haki za wengine

Mtu yeyote anayetambulika kwenye picha ya kibiashara lazima atie saini fomu ya ridhaa. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetia saini. Kutambulika si uso pekee. Chale ya mwilini, au hata kivuli cha mtu aliye peke yake, vinaweza kutosha. Benki za picha zina fomu zao, pakua na uwe nazo mkobani. Mweleze mhusika waziwazi kwamba picha inaweza kuonekana kwenye tangazo asilolijua, mahali asipopajua. Kuna watu wakisikia hivyo watakataa, na hiyo ni haki yao.

Majengo na kazi za sanaa pia zina wenyewe. Mnara wa Eiffel ni mfano maarufu: mchana unaweza kuuza picha yake, lakini taa zake za usiku ni kazi ya sanaa yenye hakimiliki, na benki za picha huikataa kwa matumizi ya kibiashara. Michoro ya ukutani, sanamu za kisasa na vitambaa vyenye michoro ya mbunifu vitazame kwa jicho hilo hilo.

Hatua ya 8: Andika maneno ya utafutaji

Picha isiyo na maneno sahihi haipo. Adobe Stock inaruhusu hadi maneno 49, na Shutterstock hadi 50, lakini usiyajaze kwa kulazimisha. Kwenye Adobe Stock mpangilio una uzito, hivyo yale ya muhimu yatangulie.

Kwa ile picha ya spana, kichwa kiwe sentensi inayoeleza kinachoonekana: mkono wa fundi ukikaza nati ya bomba linalovuja chini ya sinki. Kisha maneno: fundi bomba, spana, bomba, kuvuja, matengenezo, mkono, sinki, nyumbani, maji, dharura. Ongeza ya dhana: huduma, ukarabati, kazi ya mikono. Usiweke "furaha" kama hakuna mtu anayefurahi. Wanunuzi wengi hutafuta kwa Kiingereza, kwa hiyo andika kwa Kiingereza sanifu hata kama unafikiri kwa Kiswahili, na tafuta maneno wanayotumia watu wa fani hiyo. Yaandike ndani ya faili lenyewe kwa programu ya kuhariri, yatakwenda na picha kwenye kila benki bila kurudia kazi.

Hatua ya 9: Chagua benki na usome hesabu zake

Adobe Stock hukupa asilimia 33 ya mauzo ya picha na asilimia 35 ya video. Shutterstock hulipa kwa ngazi, kuanzia asilimia 15 hadi 40 kulingana na idadi ya vipakuo vyako vya mwaka, yaani mara ambazo picha zako zimepakuliwa, na kila Januari unarudi ngazi ya chini. iStock huanza na asilimia 15 kwa picha za asiyefungamana nayo. Wateja wengi wananunua kwa vifurushi vya mwezi, kwa hiyo malipo ya picha moja mara nyingi ni senti za dola, na Shutterstock yanaweza kushuka hadi senti 10. Fanya hesabu bila kujidanganya: ikiwa kila kipakuo kinakuletea senti 33, unahitaji vipakuo 76 kufikia dola 25. Leseni za matumizi mapana hulipa zaidi, ila huja kwa nadra.

Usifunge mkataba wa upekee, ule wa kuuza kwenye benki moja tu, mwanzoni. Pakia picha zile zile kwenye benki mbili au tatu, uone wapi zinauzwa.

Malipo mara nyingi hupitia PayPal au Payoneer, huduma za kutuma fedha mtandaoni, hivyo hakikisha kwanza kwamba njia hiyo inafanya kazi ulipo na kwamba jina la akaunti linalingana na kitambulisho chako. Benki za picha za Marekani zitakutaka ujaze fomu ya kodi. Kwa mtu binafsi asiye raia wala mkazi wa huko ni W-8BEN. Nchi yako isipokuwa na mkataba wa kodi na Marekani, mauzo yanayotoka kwa wanunuzi wa huko yanaweza kukatwa asilimia 30. Usiipuuze fomu hiyo, na mapato hayo yaandikishe pia katika kodi za nchi yako.

Hatua ya 10: Pakia kwa mwendo unaoweza kuudumisha

Picha kumi zilizo tofauti kila wiki zinashinda mia tatu zinazofanana zilizopakiwa usiku mmoja, na wakaguzi hukataa mfululizo wa picha zinazofanana. Picha za msimu zipakie miezi miwili hadi mitatu kabla, maana wabunifu huandaa matangazo mapema. Ukikataliwa, soma sababu, rekebisha, rudisha. Ukikataliwa kwa sababu ile ile mara kwa mara, hiyo ndiyo hatua ya kurudia kujifunza, iwe fokasi, chenga au nembo.

Baada ya miezi michache fungua ripoti ya mauzo. Angalia picha ipi inauzwa na maneno gani yaliyomleta mnunuzi, pale benki inapoyaonyesha. Kisha ipigie ndugu zake: pembe nyingine, umri mwingine wa mhusika, hatua inayofuata ya shughuli ile ile. Hapo ndipo utakapojua pia kama ni wakati wa lenzi ya makro au flashi ya pili, kwa kuwa utakuwa unanunua kwa ajili ya picha ambazo tayari zina wateja.

Mafaili ghafi, picha zilizohaririwa na fomu za ridhaa zihifadhi sehemu mbili tofauti, diski ya nje na hifadhi ya mtandaoni, kila fomu ikiwa kwenye folda moja na picha zake na ikiwa na tarehe ya siku mliyopiga. Benki inaweza kukuuliza ridhaa ya picha uliyoipakia miaka mitano iliyopita, na ukikosa kuionyesha, picha inaondolewa sokoni.